Mama Aliyetufundisha Kuogopa Rola

Sitamtaja jina. Wanaomfahamu watamtambua kabla sijafika mbali, na wasiomfahamu hawatapungukiwa na kitu. Yeye jina langu alilitaja vya kutosha, kwa wenye karakana za mabango wote kuanzia katikati ya mji wa Dodoma hadi Mkonze, na mimi nimeona nisimuige. Nitamwita Msimamizi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyomkuta nayo. Tukizungumza naye tulimwita Mama.

Alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa miguu, anayefunga kilemba chake kwa kukikaza mpaka ngozi ya paji la uso inavutika. Koti lake la kazi alilikata mikono mwenyewe kwa mkasi, juu ya kiwiko, na siku niliyoajiriwa alinikata na langu hapohapo nikiwa nimelivaa. Hakutaka kitu kinachoning'inia. Mtandio, heleni ndefu, saa, kitambulisho cha shingoni, vyote vilibaki kwenye kikapu mlangoni. Pete yangu ya ndoa niliivua kila asubuhi, nikawa naitumbukiza humo pamoja na pete za wenzangu, na jioni tukawa tunachambua kila mmoja ya kwake. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba mchana mimi ni mjane.

Wakati mmoja alikuja bwana wa wizara fulani kuangalia mabango yake ya maonyesho. Mtu mzima, suti nzuri, tai ndefu. Akainama juu ya mashine inayozunguka ili asome herufi zake vizuri. Msimamizi hakumwita wala hakupaza sauti. Alimfuata, akaikamata ile tai, akaisokomeza ndani ya shati mpaka kifungo kikakatika.

"Mheshimiwa, unisamehe," akamwambia. "Rola haina shemeji."

Yule bwana alisimama mdomo wazi, kisha akacheka, na tangu siku hiyo kila akija alikuwa akifika ameshaivua tai yake. Ndivyo watu walivyompenda Msimamizi. Alikuwa na namna ya kumdhalilisha mtu mpaka mtu akashukuru.

Karakana yetu ilikuwa Nkuhungu, nyumba ya bati jekundu iliyokuwa ghala la mahindi kabla mwenye nyumba hajagundua kwamba serikali ikihamia mji, mabango nayo yanahamia. Tulikuwa na mashine ya kuchapa, na mashine ya kulaminisha iliyoletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, upana wake zaidi ya kitanda cha watu wawili. Kwa asiyeijua: ni rola mbili nene zilizovikwa mpira, moja juu ya nyingine, ya juu inapata moto. Bango linaingia katikati pamoja na plastiki nyembamba yenye gundi, joto linayeyusha gundi, rola zinabana, na kwa nyuma bango linatoka limevaa ngozi ambayo mvua wala jua haviwezi kuiharibu upesi. Kazi rahisi kuieleza. Rola zile zikibana karatasi zinabana karatasi, na zikibana kitu kingine hazijui tofauti.

Siku mashine ilipofika, mkurugenzi wetu alitaka iwashwe hapohapo, kwa kuwa wateja walikuwa wakimngoja. Msimamizi alichukua pimamaji ya mafundi waashi, akailaza juu ya mashine, akaonyesha kidole. Sakafu ilikuwa imeinama upande wa dirishani.

"Inainama kidogo tu," akasema mkurugenzi.

"Kidogo hicho ndicho kitakachotoa mikunjo kila bango."

"Sasa unataka nivunje sakafu?"

"Nataka fundi."

Mkurugenzi aligomba kutwa nzima. Msimamizi aliketi juu ya sanduku la mashine, akala ugali wake wa mtama na mlenda, akangoja. Fundi akaja, sakafu ikasawazishwa. Nalieleza hili kwa sababu watu wengine baadaye walinituliza kwa kusema kwamba Mama wa watu hakuwa na ubavu wa kubishana na bosi. Ubavu alikuwa nao. Niliuona kwa macho yangu, na aliutumia kwa ajili ya sakafu.

Kuiandaa mashine kwake ilikuwa ibada, na simaanishi kwa mfano tu. Kabla ya kuwasha alisimama upande wa kulia, akaweka kiganja juu ya kitufe chekundu cha kusimamisha, akasali kwa sauti, Kigogo kidogo, Kiswahili kingi. Waislamu na Wakristo wote tuliitikia amina. Halafu anawasha, rola zinazunguka tupu, naye anakibonyeza kile kitufe kuona kama zinasimama. Anazunguka upande wa pili, anabonyeza na kile cha kushoto. "Sala bila kitufe ni kelele," alikuwa akisema.

Baada ya hapo ndipo plastiki inavishwa. Upande unaong'aa unalala kwenye rola, upande uliofifia, wenye gundi, unatazama bango. Ukikosea, gundi inashika rola ya moto na siku yako imekwisha, maana rola haisafishwi ikiwa ya moto wala ikiwa inazunguka, unangoja ipoe. Alituonyesha mara moja, na mara ya pili alitutazama. Kisha alipima mbano. Alichukua vipande viwili vya karatasi, akaviingiza kati ya rola, kimoja kushoto, kimoja kulia, akashusha rola mpaka ziviguse, akavivuta vyote kwa pamoja huku amefumba macho. Kimoja kikitoka kirahisi kuliko kingine, anarekebisha upande huo. Tukajifunza kufumba macho kama yeye. Bango la mteja halikupita kabla ya kalenda ya zamani kupita kwanza, na kalenda ikitoka na weupe kama ukungu chini ya plastiki, anaongeza moto au anapunguza mwendo, anapitisha nyingine. Jioni alizitenganisha rola zisilale zimebanana, maana mpira uliobanwa usiku kucha unaamka na bonde.

Sifa hakujua kutoa. Ukifanya vizuri, ananyamaza, na siku ukikosea, mtaa wa pili wanasikia. Lakini niliporudi kazini baada ya kujifungua, ni yeye aliyeninyang'anya kila jora la plastiki nililotaka kuinua, akainua mwenyewe, akinitukana kwamba najifanya trekta. Mtoto wangu akiumwa alikuwa akiniletea uji wa uwele kwenye chupa ya chai. Ningependa kumchukia mtu aliyekuwa mbaya tangu mwanzo. Ingekuwa kazi nyepesi.

Sasa niseme habari ya jicho.

Mbele ya rola, upande wa kulia, mashine ilikuwa na jicho dogo lisilozidi kifungo cha shati. Lilikuwa likipeleka mwanga mpaka kwenye kioo kidogo upande wa kushoto, na kioo kinaurudisha. Mkono ukipita hapo katikati, mwanga unakatika, rola zinasimama papo hapo. Waliotengeneza mashine hawakuwa wajinga. Ila nadhani hawakuwahi kukaa Dodoma mwezi wa nane. Upepo wa kiangazi ukianza, vumbi halingoji mlango ufunguliwe. Linapita chini ya bati, linapita kwenye tundu la ufunguo, unalikuta kwenye chumvi. Kioo kikifunikwa na vumbi, mwanga haurudi, na mashine inasimama katikati ya bango, inaacha mstari wa kuungua unaokwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Bango hilo ni la kutupa.

Msimamizi alilipiga vita vumbi kwa kila njia. Tulimwagia maji uani, tulipiga deki badala ya kufagia, mlangoni tulining'iniza khanga iliyoloweshwa na kila anayeingia alipitia humo akatoka na uso umelowa. Kioo tulikifuta kwa kitambaa laini kila baada ya mabango machache. Kwa kawaida ilitosha.

Mwaka ule haikutosha. Ilikuwa msimu wa maonyesho ya wakulima, kila taasisi inataka mabango, upepo nao umepania. Mashine ilisimama asubuhi, ikasimama tena. Mkurugenzi alitoka ofisini, akatazama rundo la mabango yaliyoharibika, akasema maneno ambayo wote tuliyasikia: "Mama, hii mashine isisimame tena. Ikisimama tena natafuta mtu anayeiweza."

Kisha akaondoka na gari lake.

 Msimamizi alitoka nje, akaokota pakiti tupu ya sigara aliyoitupa mlinzi, akachana karatasi ya kung'aa ya ndani, akaibandika mbele ya jicho. Jicho likawa linaona mwanga wake lenyewe. Kuanzia hapo ungepitisha mbuzi mzima, mashine isingejua.

Nilimuuliza. Nataka ijulikane kwamba nilimuuliza.

"Mama, na jicho?"

"Kwa leo tu. Jicho langu linatosha. Nitasimama hapa, mkono kwenye kitufe. Wewe lisha mabango."

Na alisimama. Niseme ukweli wangu wote: alisimama hapo mabango mengi, kiganja juu ya kitufe chekundu, hapepesi macho. Nami nililisha nikiwa na amani, kwa sababu kama kuna mtu katika mji ule ningemwachia vidole vyangu, ni yeye. Mchana, jua la utosi, tulikuwa na ramani kubwa ya ofisi moja. Ukingo wake ulijikunja. Nilinyoosha mkono wa kulia niulaze, kama nilivyofanya mara elfu, kwa kiganja, taratibu. Wakati huo simu yake ikaita. Ilikuwa ya mkurugenzi, tulijua kwa mlio wake. Ndani ya bati mtandao ulikuwa wa shida. Akaenda mlangoni.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia joto, halafu nikaona kwamba kiganja changu hakipo. Nilikuwa nikikitafuta. Kitufe cha kushoto kilikuwa karibu na mkono wangu mwingine, lakini mwili ulikuwa umevutwa na haufiki. Nilipiga kelele, naye akaja mbio, simu akaitupa, akabonyeza, akazinyanyua rola kwa mkono mpaka zikaachia. Alinifunga kwa kilemba chake. Sijawahi kumwona kichwa wazi kabla ya hapo. Ndani ya bajaji alinipakata kama mtoto mchanga, na njia nzima alikuwa akisema, "Ni mimi, mwanangu, ni mimi, ni mimi."

Nilikuja kujiuliza sana alimaanisha nini kwa maneno yale. Wakati ule niliona ni kukiri.

Kesho yake mkurugenzi alikuja na bwana wa ukaguzi. Mimi nilikuwa wodini, haya niliyasikia kwa dada wa ubunifu, aliyekuwa akichora mabango kwenye kompyuta chumba cha pili na asiyekuwa na sababu ya kunidanganya. Karatasi ya kung'aa haikuwapo. Jicho lilikuwa safi, kioo kimefutwa, mashine ikipitishiwa fimbo inasimama. Msimamizi akaulizwa ilikuwaje. Akajibu kwamba binti alikuwa amevaa bangili. Rola iliikamata bangili.

"Akasema bangili?" nilimuuliza yule dada.

"Alisema bangili."

"Na wewe ukasema nini?"

"Mimi nilikuwa chumba cha pili," akasema, akaanza kunimenyea chungwa.

Bangili! Mimi ambaye pete ya ndoa niliiacha kwenye kikapu. Lakini bangili ni neno dogo na linaenda haraka. Wafanyakazi wenzangu walikuja kunitazama, wakaniwekea matunda juu ya kabati, wakatikisa vichwa. Mama mmoja wa kanisani kwa Msimamizi akanishika mkono mzima akaniambia kwa upole, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa na dawa nyingi mwilini, vinginevyo ningemtupia lile chungwa.

Vidole vitatu havikurudi. Vilivyobaki vinashika kikombe, havishiki sindano. Hilo nimelizoea, kama mtu anavyozoea nyumba iliyopungua chumba. Nisilolizoea ni hili lingine. Nilipopona nilizunguka karakana zote za mji kuomba kazi. Mashine ningeiandaa hata kwa mkono mmoja, ningefundisha, ningekaa hata upande wa kitufe. Kila nilipofika walinipokea vizuri, wakanitazama mkono, na mmoja hakuweza kujizuia: "Ahaa, wewe ndiye wa bangili." Kazi niliyoijua kuliko zote duniani ikanifungia mlango kwa sababu ya pambo ambalo sijawahi kuwa nalo. Nilimtumia Msimamizi ujumbe, nikamwomba kitu kimoja tu. Aseme kweli, mara moja, mbele ya watu wa kazi yetu. Hakujibu. Nilimpigia, akapokea, akapumua, akakata.

Nilihamia Kongwa, nikapata kazi kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Ni kazi ya heshima. Watu wanaponiuliza mkono nasema mashine, nao wanadhani ya kusaga.

Mwaka huu tajiri wangu wa dukani alinituma Dodoma na ramani ya mashamba ya wakulima wake, ikalaminishwe ili aibandike ukutani. Akanielekeza karakana mpya, kubwa, iliyosifiwa. Sikujua nani yuko humo. Nilipoteremka nikasikia sauti ya Mama kabla sijaingia, na miguu yangu ikataka kurudi stendi.

Alikuwa amezeeka. Kilemba kilekile cha kukaza, koti lililokatwa mikono, ila mgongo umeanza kuinama na miwani iko puani. Mbele yake walisimama wafanyakazi wapya, wanawake wawili na mwanamume mmoja, na mashine mpya inapata moto. Walinipa mgongo wote. Nilimkabidhi ramani kijana wa mapokezi, akaiweka kwenye foleni, nami nikabaki nimesimama mlangoni.

"Kulikuwa na binti mmoja," alikuwa akiwaambia. "Hodari wa kazi, sikatai. Lakini bangili! Nikamwambia vua. Akasema, Mama, hii ni kumbukumbu ya bibi yangu. Rola ikakamata bangili, bangili ikavuta mkono. Mpaka leo namlilia."

Bangili sasa ilikuwa imepata bibi. Muda wote ule mimi nikihesabu mifuko ya mbegu Kongwa, yeye alikuwa akiilea, akiivisha, akiikuza. Na machozi yalikuwa ya kweli, yalionekana chini ya miwani. Hilo ndilo lililonikata maini.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu, mdomo ukitangulia kichwa. Kisha akageuka. Aliangalia mkono wangu kwanza, uso baadaye.

"Binti mwenyewe ni mimi," nikawaambia wale watatu.  "Bangili sikuwa nayo, wala bibi yangu hakuniachia kitu. Jicho la mashine lilikuwa limezibwa, na aliyeliziba ni Mama huyu. Alisema atasimama kwenye kitufe. Simu ikaita, akaenda."

Feni za mashine zilikuwa zikivuma. Mmoja wa wale wanawake, mwenye alama ya pete kwenye kidole kitupu, akamtazama Msimamizi.

"Mama, ni kweli?"

Msimamizi alichukua kitambaa kutoka mfukoni, akakifuta kioo kidogo cha mashine, ingawa kilikuwa kinang'aa. Akafuta muda mrefu.

"Mzigo wa mteja upite kwanza," akasema. "Ametoka mbali."

Aliipitisha ramani yangu yeye mwenyewe. Ikatoka safi kama kioo. Nilitafuta povu, nilitafuta mkunjo, Mungu anisamehe, nilitamani kuukuta. Aliingoja ipoe, akaiviringisha, akaifunga kamba, akanisogelea. Hakunipa mkononi. Aliijua shida ya mkono wangu kuliko mimi, akaipachika chini ya kwapa langu la kushoto na kuibana vizuri isidondoke. Akanisindikiza mpaka nje ya mlango, wale watatu wasipoweza kusikia.

"Mwanangu," akasema chinichini, "mimi nina muda mdogo umebaki wa kufanya kazi. Nikisema hilo, nitakula wapi?"

"Umekuwa ukila mkono wangu, Mama."

Alinishika bega. Nilimngoja. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikimngoja, hata sekunde chache zaidi nisingeshindwa. Akanipiga bega polepole, kama unavyomuaga mgeni, akarudi ndani.

Nikamsikia akikohoa, akipiga makofi kuwakusanya.

"Haya, tuendelee. Nani kati yenu anavaa bangili?"

Nilisimama juani na ramani kwapani, nikasikiliza. Hakuna aliyemjibu.